Mkono Nyuma ya Kiti

Baada ya sala ya alasiri Sheikhan bin Zein alikaa nyuma ya meza ya duka lake, mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa, akifungua pakiti za sigara kwa kisu cha kukatia halua. Alizipasua kwa chini, akachomoa kadi ya picha iliyotiwa ndani, kisha akaziba mpasuko kwa uji wa ngano na kuirudisha pakiti rafuni, aiuze kwa mvutaji asiyejali picha. Wenye kujali picha walikuwa barazani juu ya jamvi, vikombe vya kahawa mikononi, shingo zimewarefuka kama bata wanaongoja pumba.

Hawa walikuwa watu wazima wenye shughuli zao: karani wa forodha, muuza vitambaa, Bwana Hadi mwenye majumba, na Barnabas, Mkristo wa bara aliyefanya kazi ofisi ya reli. Mwaka mzima hawakuwa na mazungumzo mengine ila kadi za sigara za chapa ya Kasia. Walibadilishana zilizozidi, wakagombana, wakasusiana, wakapatana. Na kwa kuwa kule Bombei kulikuwa na watu waliochapa kadi za uongo kwa karatasi nyembamba, kila kadi ya shaka ililetwa kwa Sheikhan. Yeye aliinusa, akaikwaruza kwa ukucha, akaipiga kidole karibu na sikio ausikie mlio wake, halafu akatamka, "Kweli," au, "Bandia." Hakuna aliyembishia. Duka lake lilisifika kwa hilo kuliko kwa mchele wake, ambao ulikuwa na mawe.

Siku hiyo, mwaka wa 1909, meli ilikuwa imeshusha kadi mpya kabisa zilizoitwa Mabingwa wa Michezo. Kulikuwa na mpanda baiskeli mwenye masharubu, wacheza kriketi, wapiga makasia, na mwanamieleka asiye na shingo. Kadi yenye namba kumi na moja ilipochomolewa, watu wote wa barazani walisimama, maana ilionyesha Mombasa. Lilikuwapo banda la bati la Kilindini, ikawapo reli, na juu ya reli toroli yenye paa la turubai. Kitini amekaa yule Mzungu aliyeitwa Kapteni, kofia sawasawa, kikombe cha fedha gotini. Chini yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye bingwa wa mbio za toroli. Watu wa toroli walimwita Bwana Vumbi, kwa sababu hakuna safari aliyoshuka bila kulalamikia vumbi.

Inafaa ielezwe alichofanya hata akawa bingwa. Siku hizo mabwana wa Mombasa hawakupenda kutembea kwa miguu. Walikaa kwenye toroli, kiti juu ya magurudumu manne madogo, na watu wawili wakaisukuma juu ya reli kutoka mjini mpaka Kilindini na kurudi. Walipochoka na tenisi wakaanzisha mbio. Toroli iliyofika kwanza, aliyekaa juu yake ndiye mshindi. Wasukumaji hawakutajwa popote. Farasi wa mbio hutajwa jina, wao hawakutajwa. Siku ile Kapteni alikaa. Alikaa kutoka Ngomeni, akakaa kupita Mwembe Tayari, ambapo msukumaji mmoja aliteguka mguu na kuachwa kando ya reli, akaendelea kukaa huku yule wa pili akisukuma peke yake, akafika Kilindini bado amekaa, akawa bingwa.

Yule wa pili aliitwa Katana. Alikuwa Mgiriama, na mkewe, Kache, alikuwa na mimba changa. Katana alipofika Kilindini hakuweza kuachia toroli, kwa sababu msukumaji alifundishwa jambo moja siku ya kwanza ya kazi, kabla hata ya kuonyeshwa breki: huachi chuma mpaka bwana ashuke. Pale mwisho reli ina mteremko, na toroli ikiachwa hurudi nyuma pamoja na aliyekaa. Na Kapteni hakutaka kushuka kabla ya kupigwa picha. Kaitano, mpiga picha Mgoa, alipiga mara ya kwanza, kumbe kofia imekaa upande. Akapiga tena, Kapteni akapiga chafya. Ikabidi kupiga tena. Muda wote huo Katana ameshika chuma cha nyuma ya kiti kwenye jua la saa sita, na hakuna aliyempa hata maji. Kapteni aliposhuka, Katana aliacha chuma, akaenda kivulini mwa banda, akaketi, akafa. Chupa zilikuwa zimeshafunguliwa, na sherehe haikusimamishwa.

Kwenye kadi hakuwamo. Kapteni alikuwa ameagiza aondolewe kwa kuwa alitoa jasho jingi na aliharibu picha. Ulibaki mkono mmoja tu, kiganja na vidole vyake, umekumbatia chuma nyuma ya kiti, usiotoka kwa mtu yeyote.

"Wachapaji wamekosea," alisema karani wa forodha.

Sheikhan aliipiga kadi kidole karibu na sikio. "Kadi ni kweli," alisema. "Na za pakiti hizi zote ni hivihivi."

Wakaafikiana kwamba ni kadi ya kweli yenye mkono, wakarudi kwenye kahawa.

Kache aliiona wiki hiyohiyo. Alikuwa akiuza nazi nyumba kwa nyumba Mji wa Kale, mtoto mgongoni, amembeba kwa kikoi cha buluu kilichofifia. Mmoja wa wateja wake alikuwa Alawiya, mke wa Sheikhan, aliyenunua akiwa nyuma ya pazia lililotenga duka na nyumba. Kitabu cha kadi kilikuwa wazi mezani. Kache aliweka kikapu chini.

"Huyu mume wangu," alisema.

Sheikhan alitazama. "Huyu Kapteni, mama."

"Si huyo. Huyo mwenye mkono."

Kidole cha shahada cha mkono ule kilikuwa kimepinda na hakikuwa na ukucha. Kilibanwa na breki mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na Kache ndiye aliyekifunga kitambaa kila jioni mpaka kikapona vile kilivyopona. Sheikhan, aliyeweza kutambua karatasi ya Bombei kwa harufu, hakujua kidole hupimwa vipi.

"Nataka kuuona uso wake," alisema Kache. "Huyu mtoto hajamjua babake. Nami naanza kumsahau. Alikuwa akitoka alfajiri, akirudi giza limeingia. Mgongo wake naukumbuka. Uso wanipotea."

"Uso haumo," alisema Sheikhan kwa upole. "Tazama mwenyewe. Haumo."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kache hakumwambia mwenye duka. Kule kwao Ugiriamani, nduguze Katana walikuwa wamemsimikia koma, kijiti cha kumkumbuka marehemu kando ya nyumba, ili apate pa kukaa kati ya watu wake. Walipommiminia tembo la mnazi, lilisimama juu ya mchanga likang'aa, na mchanga haukulinywa. Wakamimina siku nyingine, ikawa vilevile. Wakasema huyu bado hajafika, na wakamuuliza Kache amemwacha wapi.

Akaenda kwa Kaitano. Kaitano alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti cha kupigia picha, akamweleza kazi yake. Picha hukaa juu ya kioo. Usichokitaka hukwanguliwa kwa kijembe, kisha hupakwa rangi, pakawa mbingu.

"Nilianza na kichwa," alisema. "Kichwa ni rahisi, nyuma yake palikuwa hapana kitu. Kisha kifua, kisha miguu. Mkono nikauacha. Ulikuwa umekumbatia chuma. Lau ningeukwangua, chuma kingekatika, na kiti cha Kapteni kingeonekana chaning'inia hewani. Watu wangecheka."

"Hicho kioo kiko wapi?"

"Ulaya, kwa wachapaji."

"Uso wake waukumbuka?"

Kaitano alifikiri. "Alikuwa akitetemeka. Nikamwambia ajikaze, maana mtu akitetemeka picha huingia ukungu. Akajikaza. Alikuwa mtu msikivu."

Huyu ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kumtazama Katana kwa makini, na alichobakiza ni usikivu wake. Kache hakumshukuru. Alijitwika kikapu chake akatoka.

Tangu hapo alipita dukani kila siku. Alipiga hodi, akaamkia, akasimama mbele ya kitabu kilichokuwa wazi, akautazama mkono, akaenda zake. Sheikhan hakumkataza, kwa kuwa hakugusa kitu. Katika mwezi wa Shaabani mkono ulipata kifundo. Sheikhan alidhani ni uchafu, akausugua kwa kidole chenye mate, haukutoka. Ramadhani ilipoandama ulikuwa umefika kiwiko. Ulikuwa ukiota polepole, ngozi na mishipa yake, na vumbi la Kilindini juu ya vinyweleo.

Saa sita mchana mkono ulitoa jasho. Lilitiririka likaingia ukurasa wa pili, likamlowesha mpanda baiskeli, naye akaanza kuota kuvu kwenye masharubu. Sheikhan akaweka karatasi ya kukaushia wino katikati yao, akaibadilisha kila inapolowa.

Barazani mambo haya yalichukuliwa kama yalivyo. Kadi zote za namba kumi na moja zilizofika Mombasa zilikuwa zikiota, ila hazikwenda sawa. Zilizofungiwa makoponi zilibaki kwenye kifundo, zilizopata hewa zilifika kiwiko. Wenye kiwiko wakakataa kubadilishana na wenye kifundo. Bwana Hadi alipewa wapiga makasia wawili na mwanamieleka kwa kiwiko chake, akasema afadhali auze nyumba. Barnabas aliiweka yake dirishani ofisini, kwenye upepo. Lakini ya Sheikhan iliwapita wote, na kila mtu alijua sababu: hiyo ndiyo iliyotazamwa na Kache. Hakuna aliyelisema, maana lingempa mwanamke muuza nazi sehemu katika mambo ya kadi.

Wakati huohuo kulizuka biashara ya vitu vya mbio. Vipande vya shati la Kapteni vilivyouzwa Mji wa Kale mwaka ule vingetosha kushona hema. Sheikhan mwenyewe alijipatia kipande cha mto wa kiti cha toroli, akakinusa, akatamka, "Kweli," akakiweka ndani ya kisanduku cha kioo. Kile kikoi cha buluu alichovaa Katana siku ya mbio, chenye alama ya grisi kwenye pindo, kilikuwa kikiingia dukani kila siku na mtoto ndani yake. Hakuna aliyekinusa.

Alawiya hakupenda picha. Alikuwa amemkataza mumewe kuziingiza nyumbani, kwa kuwa malaika hawaingii palipo na picha, na ndiyo maana kitabu kilikaa dukani. Lakini kuhusu mtu wa Kache alikuwa na maoni yake.

"Huyo bado si picha," alimwambia Kache kutoka nyuma ya pazia. "Hana kichwa. Kisicho na kichwa hakina neno."

"Na akiota kichwa, Bi Alawiya?"

"Akiota kichwa utamchukua wewe. Nishamwambia babake Zein, naye kakubali."

Sheikhan, aliyempa mwanawe jina la babake mwenyewe, alikuwa amekubali kweli, kwa sababu siku hiyo palikuwa na bega tu na kichwa kilikuwa mbali.

Habari zilifika kwenye kampuni ya sigara, na kampuni ikachapa toleo jipya. Katika toleo hili mkono uliondolewa wote, na chuma kikachorwa upya kwa kalamu ili kiti kisining'inie. Kisha wakamtuma Mkaguzi aje nalo Mombasa. Alikuwa Mzungu mwembamba aliyesema Kiswahili cha Unguja polepole na bila kosa. Alifika dukani asubuhi, akavua kofia, akawaamkia watu wa barazani mmoja mmoja, akaomba kila mwenye kadi ya kumi na moja ailete.

Asubuhi ileile kidevu kilikuwa kimetoka kwenye kadi ya Sheikhan, pamoja na ndevu zake chache zilizokataa kukutana katikati. Kache alikiona akasema, "Naam, ndizo." Hakwenda kuuza nazi. Aliketi kwenye kizingiti cha duka na mtoto wake, akingoja mdomo.

Mkaguzi alizipanga kadi mezani, kifundo, kiwiko, bega, kidevu, akazitazama bila haraka.

"Kadi ya kweli haibadiliki," alisema. "Kinachobadilika si chetu. Bwana Sheikhan, sifa zako nimezisikia Unguja. Kampuni inataka mtu mmoja wa kuthibitisha kadi zake katika pwani hii, awe na cheti chetu ukutani, na neno lake liwe la mwisho. Wewe ndiye tuliyekufikiria. Sasa niambie. Kadi hizi zilitoka kwenye pakiti zetu?"

Sheikhan aliangalia meza. Pazia la nyuma yake lilisogea, ukatokea mkono wenye hina, umeshika kisu cha halua kwa ncha.

"Babake Zein," alisema Alawiya kutoka ndani, "kisu chako hiki. Cha kufungulia pakiti. Bado kina uji wa ngano."

Sheikhan alikipokea kisu akakisukuma chini ya jamvi. Kisha akaichukua kadi yake mwenyewe mbele ya watu wote. Aliinusa. Akaikwaruza kwa ukucha. Akaipiga kidole karibu na sikio, na mlio ukatoka vilevile ulivyotoka siku zote.

"Bandia," alisema. "Nadhani ni za Bombei."

Alisema hivyo yeye aliyezichomoa kwa mkono wake mwenyewe, na wale waliomwona akizichomoa walikuwa wamekaa pale wakinywa kahawa yake. Haikumkwama mtu kooni. Bwana Hadi alikuwa wa kwanza kusukuma kadi yake mbele na kupokea ya toleo jipya. Karani wa forodha akafuata. Barnabas alisema, "Mimi nilimuona Katana akisukuma," lakini alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu moyoni, na alipopewa kadi mpya aliipokea kwa mikono miwili.

Mkaguzi alitoa muhuri mwekundu wa kusema kadi ni ya bandia, akaugonga kwenye kila moja, juu, penye nafasi nyeupe. Kwenye kadi ya Sheikhan nafasi nyeupe ilikuwa juu ya kidevu.

"Hiyo moja nipeni mimi," alisema Kache.

"Ya bandia haina faida kwa mtu," alisema Mkaguzi.

"Ndiyo sababu naiomba."

"Unakusanya kadi?"

"Ni mume wangu."

Mkaguzi akaona kwamba mke si mkusanyaji, na kwamba hakuna kanuni iliyomhusu. "Niliahidiwa," Kache aliongeza, akimtazama Sheikhan, na Sheikhan akajishughulisha na mizani. Kutoka nyuma ya pazia Alawiya alisema, "Aliahidiwa." Mkaguzi akampa.

Nyingine zilitiwa guniani zikapelekwa Kibarani zichomwe. Hazikushika moto, kwa kuwa zilikuwa zimelowa jasho. Waliotumwa wakazianika juani, na ilipofika saa sita zikalowa zaidi. Mwishowe zilimwagiwa mafuta ya taa mengi kuliko yaliyopangwa, na moshi wake, waliokuwapo walisema, ulikuwa na harufu ya mtu aliyetoka kazini.

Kache alikwenda na kadi yake chumbani alikopanga, Mwembe Tayari, akaiegemeza ukutani juu ya kisanduku cha nguo. Mdomo ulitoka siku ya pili. Kisha pua. Halafu macho yakatoka yote mawili pamoja, na nyusi, na mwishowe paji la uso, na muhuri mwekundu ukawa juu yake kutoka nyusi mpaka nyweleni. Ulikuwa ndio uso wenyewe. Kache aliutambua hata yale aliyokuwa hajui kwamba ameyasahau: kovu dogo chini ya jicho, na jinsi alivyobana midomo akiwa amechoka na hataki mtu ajue. Alikaa chini akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana alimwona alivyokuwa amechoka na akajua picha ilipigwa mara ngapi.

Alipomaliza kulia alimfungua mtoto kikoini, akamnyanyua mbele ya kadi.

"Babako huyo," alisema. Mtoto alinyoosha mkono kuishika kadi, kama anavyofanya kwa kila kitu.

Kisha Kache akamwambia mumewe, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia chakula, "Katana. Wacha sasa. Mbio zimekwisha zamani. Nyumbani wamekusimikia koma, wakungoja. Wacha chuma, uende."

Katana alimsikia. Alimtazama, akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Halafu akageuza macho, yakaelekea mbele yake, kwenye kiti. Kache naye akatazama. Kapteni alikuwa amekaa, kofia sawasawa, kikombe cha fedha gotini.

"Hajashuka," alisema Kache.

Yeye alikuwa mke wa msukumaji na hakuhitaji maelezo. Kesho yake aliichukua kadi akaenda dukani. Cheti kilikuwa kimeshatundikwa ukutani, kwenye fremu, na chini yake Sheikhan alikuwa na watu wanne wanaongoja neno lake.

"Mwambieni Kapteni ashuke," alisema Kache.

"Kapteni amerudi kwao Ulaya, mama," alisema Sheikhan. "Na ameshashuka siku nyingi. Siku ileile alishuka."

"Hapa hajashuka."

Akamwekea kadi mezani. Sheikhan aliutazama uso wa Katana, ambaye kumbe alimjua, maana mara nyingi alimuuzia tumbaku. Alinyoosha kidole kuipiga kadi karibu na sikio, kwa mazoea, kisha akakirudisha.

"Hilo si langu," alisema. "Kazi yangu ni kusema ya kweli na ya uongo."

"Basi sema."

Watu wanne walikuwa wakimsikiliza. "Muhuri uko hapo juu," alisema Sheikhan. "Soma mwenyewe."

Alijua kwamba Kache hajui kusoma. Nyuma ya pazia kitu kizito kiliangushwa sakafuni, na siku hiyo hakukupikwa nyumbani kwa Sheikhan, wala siku iliyofuata. Akaagiza chakula kwa jirani, akala, akaendelea kuthibitisha kadi.

Toleo jipya lilienea. Lilifika Unguja, Bombei, na miji ya Ulaya ambako watu hukaa na vitabu vya kadi magotini wakati wa baridi. Katika vitabu hivyo vyote toroli ya Kapteni imesimama kwenye mteremko wa Kilindini, haikushikwa na mtu yeyote, wala hairudi nyuma. Wakusanyaji wameipima karatasi yake, wino wake na kona zake, na kila mmoja anacho cheti. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kinachoizuia.

Ugiriamani tembo bado linasimama juu ya mchanga. Nduguze Katana wameacha kumlaumu Kache, baada ya yeye kuwaonyesha kadi. Waliitazama wakasema, "Kweli, yuko kazini," wakalimimina kidogo kidogo lisipotee bure.

Na kila siku inapofika saa sita, popote alipo na nazi zake, Kache huweka kikapu chini na kuitoa kadi kifuani. Hushika pindo la kikoi, lile lenye alama ya grisi, akampangusa mumewe jasho, mwanzo shingo, kisha uso, akipita polepole juu ya muhuri, ambao haufutiki. Akimaliza humtazama Kapteni, aone kama ameshuka. Hajashuka. Kache huirudisha kadi kifuani, akajitwika kikapu, akaendelea na njia yake.